Nyimbo za Kabla ya Disko

Hafidha alikuwa akirudisha utepe ndani ya kaseti kwa kuzungusha kalamu, kaka yake alipoingia dukani na kusoma jina la kikundi juu ya kaseti.

"Mdogo wangu, kikundi hichohicho siku hizi kinapiga disko! Nirekodie disko lao humo, nisikilize garini."

"Walipoimba kwa gitaa moja walikuwa watamu zaidi, kaka. Na kaseti ya nyimbo hizo ninayo hii tu."

"Nyimbo za kulizana! Kibiti nzima nani anazitaka?"

"Mimi."

Akachukua kisu, akavunja vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, ambavyo visipokuwepo redio hairekodi juu yake. Kimoja kikarukia kanzu ya kaka yake.

"Umeiharibu!"

"Haifutiki sasa."

Akaendelea kuzungusha. Jioni, alipofunga duka, utepe uliobaki nje akaufunika kwa bakuli usiingie vumbi, aumalizie kesho yake.