Namba Kumi na Nne Hataki Kujua

Silke aliizungusha picha kwenye skrini mara ya tatu, na mara ya tatu kivimbe kilikuwa palepale: kwenye njia panda ya mishipa ya ubongo, kimetuna kama zabibu kwenye kikonyo.

Akaenda kumgongea Profesa Behnke, chumba cha pili.

"Profesa, namba kumi na nne atakufa tusipomwambia."

"Kwanza nifungie dirisha hilo. Upepo umenikamata shingo tangu asubuhi." Profesa alifinya macho. "Na taa, tafadhali, zima."

Silke akafunga, akazima. Mji mzima wa Jena, shingo ikiuma husingiziwa dirisha.

Watu thelathini wenye afya, baadhi wa humu hospitalini na wengine wa mjini, walikuwa wamejitolea kwa utafiti huu. Walidungwa viputo vidogo vya kung'arisha picha kwenye mshipa wa mkono, kisha wakapimwa panjani kwa altrasaundi. Silke husoma picha kwa namba tu, asije akampendelea mtu. Bahasha za kuwatambulisha zimefungwa kabatini, na hata mwenye kichwa hajui namba yake.

"Kwenye fomu alichagua nini?" Profesa aliuliza.

"Likionekana jambo baya, asiambiwe."

"Basi umeshajibiwa. Mtu mzima huyo, kachagua mwenyewe. Tena mimi namheshimu. Wengine wanataka kujua mpaka siku yao ya kufa, halafu wanashindwa kulala."

"Na kikipasuka?"

"Kanuni ni kanuni, bibie. Ukimvunjia huyu, kesho nani atatuamini? Bahasha usiguse." Akajishika kisogo. "Haya, niache nijilaze kidogo."

Silke alirudi mezani pake. Kahawa ilikuwa imepoa. Alimwaza mtu huyo, pengine yuko sokoni anachagua viazi, na roho ikamuuma. Miaka minane hakuwahi kumpinga Profesa hata kwa neno moja. Alimwogopa, na aibu ya woga huo ikamkaba sasa kuliko woga wenyewe.

Potelea mbali kazi. Akafungua kabati, akaichana bahasha ya kumi na nne. Hamkuwa na jina, namba ya simu ya mkononi tu. Akaipiga.

Simu ikaita nyuma ya ukuta, chumba cha pili. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena, na hakuna aliyeipokea.