Betri ya Wasswa

"Umeniuzia betri mfu tena!" Nnalongo alifoka kabla pikipiki haijaegeshwa. "Kila alfajiri haiwaki mpaka wapite watu wa kuisukuma. Fundi gani wewe?"

Lubowa akashusha pumzi. Hii ilikuwa betri ya pili, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Waendesha boda wa stendi nzima ya Lukaya walikuwa wamegeuza shingo. Asipopata kosa leo, wote watamhama, na hapo atakula nini?

Wasswa, mwanawe Nnalongo, akavua kofia ngumu iliyoandikwa jina la Kato. Pacha wake huyo aliruka mwaka jana. Pacha hasemwi kwamba amekufa.

"Nisaidie, kaka," alisema kwa unyonge. "Akina mama wa sokoni wananingoja alfajiri mpaka wanachoka, wanapanda za wenzangu."

Lubowa akafungua waya wa hasi, akaiunga mita katikati. Swichi ikiwa imezimwa, hakuna umeme uliovuja. Akaurudisha waya, akapiga kiki. Injini ikanguruma, volti zikapanda hadi kumi na nne. Chaji ilikuwa inaingia vizuri kabisa. Akarudia yote tangu mwanzo, maana kutolipata kosa kulimchosha kuliko kulitengeneza.

"Usiku inalala wapi?"

"Sebuleni. Mama hutandika mkeka kando yake, wezi wasije wakaibeba."

"Wewe nenda ukaniletee chai," Nnalongo akamkatiza mwanawe. "Huyu atatukalisha hapa mpaka jioni."

Wasswa alipoondoka, Lubowa akainama karibu. "Nnalongo, pikipiki ni nzima. Kuna mtu nyumbani anaiacha taa inawaka usiku kucha."

"Huwa naifunika shuka," akanong'ona, "mwanga usimwamshe Wasswa."

Lubowa akamkodolea macho.

"Kato alitoka kungali giza, fundi. Lile lori halikumwona."

Wasswa akarudi na kikombe. "Umelipata kosa?"

Lubowa akawatupia jicho waendesha boda. Wote walikuwa wametega masikio. Akafuta grisi mikononi taratibu, amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Kosa ni langu," akasema kwa sauti. "Betri niliyokufungia haiwezi baridi ya alfajiri. Usiiguse kabla ya jua kutoka."

"Si nilisema!" Nnalongo akafoka, stendi nzima isikie. "Fundi gani huyu!"