Masharti ya Duane

Watu sita walikuwa wameshatoa viti nje ya duka ili wamtazame Marlys vizuri. Wawili kati yao walikuwa na aiskrimu.

Pikapu yake ilikuwa imebusu uzio. Trela lake jipya la kambi lilikuwa limejipinda nyuma kama mkia wa mbwa aliyekaripiwa, na kati ya trela na pampu ya mafuta pangepita gazeti tu, tena lile jembamba la Jumatatu. Mbele hakwendeki. Ilibaki kupiga rivasi, na rivasi ya trela ina wazimu wake: ukikata kushoto, lenyewe linakwenda kulia.

Ilikuwa siku ya pili tangu alichukue kiwandani Indiana. Mpishi wa shule aliyestaafu, mjane wa miaka sitini na mmoja, na hajawahi kuvuta kitu kizito kuliko toroli la dukani. Njia nzima alikuwa akiimba, akimpungia mkono kila mwenye trela. Asubuhi alikaanga mayai mawili humo ndani, kisha akakaanga mengine mawili kwa sababu tu jiko lilikuwa lake.

Simu ikalia. Ni Duane, mdogo wake, dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini, mtu wa kuonyesha leseni yake hata kanisani.

"Dada Dereva! Umeshagonga ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wa Wisconsin wana adabu kuliko wewe."

"Masharti unayakumbuka?"

Angeyasahauje? Duane mwenyewe aliyaandika nyuma ya karatasi ya ibada, wakatia sahihi wote wawili. Marlys alilete trela mpaka nyumbani Minnesota, na mtu yeyote mwenye leseni ya udereva asimshikie usukani wala asimwelekeze. Akishindwa, trela linakwenda kwa Duane ziwani kiangazi chote, na godoro jipya linuke samaki. Akishinda, anakwenda nalo Montana peke yake bila kusikia neno, na Duane anamwondolea theluji mlangoni msimu mzima.

"Mbwa anaruhusiwa kukuelekeza," Duane akamkumbusha, akicheka mpaka akakohoa. "Mbwa hana leseni!"

Marlys akakata simu.

Mwanamume mmoja mnene akainuka kitini. "Mama, niachie mimi. Naendesha malori mwaka wa ishirini huu."

"Ndiyo maana sikutaki. Kaa, umalizie aiskrimu."

"Kata kulia!" akapiga kelele mwanamke mwenye miwani myekundu.

"Una leseni, wewe?"

"Ninayo, tena haina doa!"

"Basi funga mdomo, utaninyang'anya trela!"

Akajaribu mwenyewe. Trela likarudi nyuma kwa madaha, likaipapasa pampu. Watazamaji wote wakashika vichwa. Aiskrimu moja ikaanguka.

Hapo ndipo mzee mmoja alipotoka dukani na mfuko wa sukari begani. Kofia ya majani makavu, ndevu mpaka kifuani, suruali imeshikiliwa na kanda za mabegani. Akautua mfuko, akalizunguka trela bila haraka, akalipiga kofi la upole ubavuni.

Mzee huyu, Marlys hakumuuliza chochote. Aliitazama kofia, akazitazama ndevu, akashusha kioo mpaka chini.

"Baba," akasema, "niokoe."

"Kwanza usiligombeze," mzee akamwambia. "Likijua una wasiwasi, linazidi ukaidi. Achana na kichwa. Tazama matako yake, hayo ndiyo yanayotangulia. Haya, fuata kofia yangu."

Kofia ikaenda kushoto. Kofia ikasimama. Kofia ikarudi kulia kidogo, na kidogo tena.

"Umejifunzia wapi haya, baba?"

"Shambani, nikiwa na miaka sita. Usiongee, lisikilize."

Mara ya tatu trela likanyooka, likaachana na pampu, likateleza mpaka barabarani laini kama siagi. Makofi! Mwanamke wa miwani akambusu yule mnene shavuni, na wala hawakuwa wakijuana.

Marlys akamletea mzee vipande viwili vya keki ya tufaha. Mzee akala kimoja hapohapo.

"Hiki cha pili nampelekea mwenzangu kivulini, nyuma ya duka," akasema. "Kanisubiri sana."

Alipokuwa akiondoka, Marlys alitazama kioo cha pembeni mara moja. Alicheka mpaka ikabidi asimame kando ya barabara, ajifute macho.

Kesho yake mchana Duane alikuwa uani kwa Marlys akimngoja. Alilikagua trela upande hadi upande akiwa amepiga magoti, halafu akamgeukia dada yake.

"Nani alikusaidia?"

Shingo ya Marlys ikaanza kuwa nyekundu. Tangu utoto shingo hiyo haikuwahi kumfichia siri.

"Shingo hiyo! Sema, nani?"

"Mzee mmoja. Alinielekeza kwa kofia, mwanzo mpaka mwisho."

Duane akacheza dansi juu ya majani, na goti lake bovu hivyohivyo. Akakimbilia gari lake, akarudi na ndoana zake tatu, akazilaza juu ya godoro jipya, na ndoo ya minyoo akaisukuma chini ya meza.

"Sahihi ni sahihi, dada."

"Ni kweli. Hebu toa karatasi yako, usome kwa sauti."

Duane akasoma kama mchungaji. Alipofika kwenye leseni, sauti ikapungua.

"Toa minyoo yako kwangu," Marlys akasema. "Yule alikuwa Mwamishi, Duane; dini yao inawakataza kuendesha gari. Nusu ya keki yangu alimlisha farasi wake, akamfunga kwenye kigari, wakaenda zao. Koleo la theluji liko nyuma ya mlango."