Kindi na Kanuni Mpya ya Karanga

Enzi za wanyama kuweka karanga zao katika ushirika mmoja, hesabu ilikuwa nyepesi: Bibi Kanga hupima urefu wa lundo la kila mwanachama, na mwenye lundo kubwa hupewa shimo kavu la kukaa wakati wa masika.

Kila mwaka shimo lilikwenda kwa Buku. Kindi alimwonea kijicho hata usingizi ukamhama. Kutwa alikaa tawini akimkodolea macho Buku akianika karanga zake juani, huku za kwake zikikaa pale pale alipozirundika.

"Hesabu hii imepitwa na wakati!" alifoka mkutanoni. "Mwenzetu anatujazia maganda. Tumenye, tuhesabu kiini peke yake!"

"Kanuni mpya haichagui mlango, mjukuu wangu," Kanga alimwonya. "Ikipita kwa Buku, itapita na kwako."

"Na ipite leo hii!"

Wakamenya. Lundo la Buku likapungua hadi nusu, na Kindi akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha wakaligeukia lake. Ganda la kwanza likatoa vumbi, la pili likatoa fukusi. Jua likatua hawajapata kiini hata kimoja kizima.

Masika yakaingia. Buku alichungulia kutoka katika shimo lake kavu, akamwona Kindi amejikunyata tawini, analowa.

"Ndugu yangu, mbona zako hukuzianika?"

"Ningeanika saa ngapi," alijibu Kindi akitetemeka, "nami nilikuwa nahesabu zako?"