Vikombe vya Benchi la Nne

Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba Perusi, binti wa Shemasi Yunia, ametengwa na Meza ya Bwana kwa kupata mimba kabla ya ndoa. Leo zamu ya kupitisha divai ilikuwa ya mama yake.

Yunia alishuka benchi kwa benchi na sinia ya vikombe. Nani asingetazama? Akimpa mwanawe, wazee watamvua ushemasi mchana huohuo. Akimruka, atarudi naye nyumbani kwa uso gani?

Perusi alikaa benchi la nne, kando ya Mama Kezia, jirani aliyeitangaza mimba ile kisimani kabla hata mwenye tumbo hajaizoea.

"Nipite tu, mama," Perusi alinong'ona.

Yunia akasimama palepale na sinia. Kule mbele mchungaji alikohoa.

"Lete hapa, Mama Perusi, unatuchelewesha," alisema Mama Kezia. Akachukua kikombe kwa mkono wa kulia. Kisha akachukua kingine kwa wa kushoto.

"Mama Kezia!" alifoka mzee wa kanisa.

"Dhambi zangu si unazijua, mzee? Kimoja kitatosha wapi?" Akamgeukia Yunia. "Wewe nenda. Kazi yako umeifanya."

Yunia akasogea benchi la tano bila kuthubutu kugeuka. Akainamisha sinia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walikuwa wakitazama nyuma ya bega lake.