Aliyeirudisha Mapema

Tangu bosi amsifu Mwanaidi mbele ya watu kwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, alioandika kwenye kiini cha mfumo, kijicho kilimkaa Chambuso kooni kama mwiba wa samaki. Kompyuta za majaribio zilipoanza kuzimika ovyo, moyo wake ulicheka: bila shaka kosa ni la Mwanaidi. Akawasha programu ya kukagua kumbukumbu ya kompyuta, ambayo wenzake huikwepa kwa kuwa huifanya mashine itambae kama kobe, akasubiri.

Pale kazini kila kipande cha msimbo hubeba jina la mwandishi wake. La Mwanaidi likatokea: amegusa nafasi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa kwa mfumo, kosa linaloweza kuzima mashine.

"Bosi, njoo umwone nyota wako!"

Bosi akaja, Mwanaidi nyuma yake. Bosi akasoma ripoti kwa sauti mpaka mistari ya chini, ambako Chambuso, kwa pupa yake, hakufika. Nafasi ile ilirudishwa mapema, msimbo wa Mwanaidi ungali unaitumia. Aliyeirudisha ni Chambuso.

Mwanaidi akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Kaka, turekebishe pamoja."

Upole ule ndio uliomchoma Chambuso. Akaisogeza kibodi upande wa Mwanaidi, lakini vidole vyake havikuiachia.