Blanketi Juu ya Paa

Sola yao ya zamani ilikuwa moja, haikuwahi kumpiga mtu shoti. Sasa zilikuwa nne juu ya paa la boti waliyoishi, zimeunganishwa pamoja, na jua la adhuhuri lilikuwa kali. Mwanahawa alizifunika kwa blanketi ili zisitoe umeme.

"Usilitoe mpaka nikwambie, Mama Nasra," mumewe alisema kutoka chini, miguu ndani ya maji yaliyovuja, mikono kwenye nyaya.

"Silitoi."

Upepo ukalinyakua, likaangukia ziwani. Mwanahawa akajitupa juu ya sola, akatandaza mikono, miguu, kanga. Vioo vilimchoma tumbo.

"Baba Nasra, achia nyaya!"

Maji yaligonga ubavu wa boti.

"Baba Nasra?"

Hakuthubutu kuinuka. Alizidi kujitandaza, na kivuli chake hakikutosha hata sola mbili.